Kache iliyochelewa kurudisha: uchambuzi wa kisa cha seva moja Kariakoo

Kampuni moja ya Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, inauza dawa na vifaa tiba kwa jumla. Mfumo wake wote unakaa kwenye seva moja: kanzidata ya PostgreSQL, programu ya Java inayotoa ankara na stakabadhi za kodi, na mashine pepe ya Windows (kompyuta ya kuigizwa ndani ya seva) yenye programu ya uhasibu. Seva ina RAM ya GB 64, inaendeshwa na Debian 12, aina mojawapo ya Linux, na diski zake zote, hata ile ya mfumo wenyewe, ziko chini ya ZFS, mfumo wa faili unaosimamia pia diski zenyewe. Ilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Halafu balaa likaanza. Usiku wa mwisho wa mwezi, na tena siku zinazokaribia tarehe 20 ambapo ritani za VAT zinatakiwa kuwa zimefika TRA, ripoti kubwa zinazoachwa zijiendeshe zenyewe zinakatika katikati. Asubuhi wenye maduka ya dawa kutoka Mbagala na Gongo la Mboto wamejaa kaunta wakitaka ankara, huku mhasibu ndiyo kwanza anaanzisha ripoti upya, na mfumo mzima unakuwa mzito.

Mhasibu mkuu ni mama mtu mzima ambaye amekaa na vitabu vya kampuni hiyo tangu enzi za leja za karatasi. Nilipomwamkia, shikamoo mama, aliitikia na kwenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Marahaba mwanangu. Mimi sina habari na hizo RAM zenu. Nikilala ripoti iwe inakwenda, nikiamka niikute." Nilikichukua hicho kuwa kipimo cha kazi yote, na mpaka leo nakiona bora kuliko grafu yoyote.

Umeme ulikuwa umeshalaumiwa. Dar es Salaam kitu chochote kikizimika usiku, wa kwanza kushukiwa ni umeme, na mara nyingi shutuma huwa ya haki. Safari hii haikuwa hivyo. Amri ya uptime ilionyesha seva haikuwa imezimika hata mara moja katika kipindi chote cha malalamiko. Betri na jenereta vilikuwa vimefanya kazi yake. Kilichokuwa kikifa ni kanzidata peke yake. Logi yake ilisema mchakato mmoja umeuawa kwa signali namba 9, amri ya kuua bila kungoja, na papo hapo PostgreSQL ikakata miunganisho yote na kuanza kujirejesha. Haina namna nyingine: mchakato ukiuawa ghafla, hakuna ajuaye kama kumbukumbu ya pamoja, yaani RAM inayotumiwa na michakato yote ya kanzidata, imeachwa katika hali salama, kwa hiyo wote wanatolewa nje na kazi inaanzwa upya kutoka kwenye rekodi za miamala.

Logi ya kerneli, kiini cha Linux kinachogawa RAM, ilikamilisha habari. Kumbukumbu ilikuwa imeisha na kerneli ikachagua wa kuua. Saa ya seva iko katika UTC, saa tatu nyuma ya yetu, hivyo tukio lililoandikwa 22:40 lilitokea saa saba na dakika arobaini usiku kwa saa ya hapa. Bakapu huanza saa saba kamili. Ripoti huanza saa saba na nusu. Kutoka hapo ratiba yenyewe ilikuwa inatuonyesha pa kuangalia.

Jambo moja kwenye logi hiyo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linaonyesha jinsi hukumu ya kerneli inavyoweza kupotoka. Kerneli inapotafuta wa kuua, inampa kila mchakato alama kulingana na kumbukumbu anayoishikilia, na katika hesabu hiyo kumbukumbu ya pamoja inahesabiwa pia. PostgreSQL hapa ilikuwa na kumbukumbu ya pamoja ya GB 16. Mchakato wa ripoti uliokuwa umeshagusa sehemu kubwa ya hizo 16, na kuongeza GB 2 zake binafsi, ulionekana mnene kuliko mashine pepe ya Windows yenye GB 12. Ukauawa. Lakini kilichopatikana kwa kifo chake ni zile GB 2 tu, maana zile 16 ni mali ya wote na zilibaki palepale. Mchakato mama ulinusurika kwa sababu Debian huuwekea kinga mapema, nao ndio uliowatoa nje wengine.

Fundi kijana wa kampuni, mtu makini kweli, alikuwa ameangalia amri ya free na kuona GB 61 kati ya 62 zinazoonekana kwa mfumo zimetumika. Akahitimisha kwamba RAM haitoshi, na maombi ya kununua RAM nyingine ya kufikia GB 128 yalikuwa yameshafika mezani kwa mkurugenzi. Simlaumu. Kwenye Linux ya kawaida, yenye mfumo wa faili wa ext4 au XFS, kache ya diski, yaani nakala za data ya diski zinazotunzwa kwenye RAM ili zisomwe haraka, huonekana kwenye safu yake yenyewe, na safu ya kumbukumbu inayopatikana huihesabu kuwa kitu kinachoweza kuachiwa. ZFS haiko hivyo. Kache yake, inayoitwa ARC, haimo kwenye kache ya kurasa ya Linux, kwa hiyo free huimwaga yote kwenye safu ya "imetumika", pamoja na programu. Anayeangalia hapo hawezi kutofautisha kumbukumbu iliyoliwa na kumbukumbu iliyoazimwa.

Tulipofungua faili la /proc/spl/kstat/zfs/arcstats, picha ikabadilika. Programu zote kwa pamoja zilikuwa zikitumia kama GB 42 mchana: kanzidata 18, Java 9, Windows 12, kerneli na vitu vidogovidogo 3. GB 19 zilikuwa za ARC. Iliyobaki wazi ilikuwa kama GB 1, na hiyo haikuwa bahati: ZFS, usipoipangia vingine, hulenga kuacha wazi sehemu moja ya 64 ya RAM. ARC ilikuwa inatimiza kanuni yake kwa uaminifu kabisa. Ilikuwa imejaza kila pembe hadi kwenye mstari wake wa GB moja.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo kwenye asili ya kitu chenyewe. ARC ni kanuni iliyobuniwa na Nimrod Megiddo na Dharmendra Modha katika maabara ya IBM Almaden na kuchapishwa mwaka 2003. Uzuri wake ni kwamba inatunza orodha mbili, moja ya vilivyosomwa karibuni na moja ya vinavyosomwa mara kwa mara, na nyuma ya kila orodha kuna kivuli chake: majina tu ya vitu vilivyokwisha ondolewa, bila data. Ukiomba kitu ambacho jina lake liko kwenye kivuli, kache inajua imeondoa upande usiofaa na inarekebisha mizani. Kwa sababu hiyo, mtu akisoma diski nzima mara moja, kama bakapu inavyofanya, havifukuzi vile vinavyotumika kila siku. Wahandisi wa Sun Microsystems waliichukua kanuni hiyo wakajengea ZFS.

Lakini waliibadilisha mahali patatu, na waliandika wazi katika maelezo ya msimbo wao. Kanuni ya awali inadhani ukubwa wa kache haubadiliki. ARC ya ZFS inakua na kupungua. Kanuni ya awali inadhani kila ukurasa unaweza kuondolewa wakati wowote. Katika ZFS kuna vipande vinavyoshikiliwa na wengine na haviondoleki mpaka viachiwe. Kanuni ya awali inadhani kurasa zote zina ukubwa mmoja. Za ZFS zinatofautiana sana. Nilipoyasoma maelezo hayo nikiwa na logi za Kariakoo pembeni, niliona kisa chote kimekaa ndani ya tofauti hizo, hasa mbili za mwanzo. Kuchagua kipi kiondoke ni kazi moja, na ARC inaifanya vizuri sana. Kuamua kache yote iwe kubwa kiasi gani, na kuirudisha kwa kasi gani inapodaiwa, ni kazi nyingine, na hiyo ARC inaifanya kwa mazungumzo na kerneli ambayo haikutungwa pamoja nayo.

Mazungumzo hayo yanakwenda hivi. Kumbukumbu wazi ikishuka chini ya alama fulani, uzi wa kerneli unaoitwa kswapd huamka na kuanza kukusanya kurasa taratibu, bila kumsumbua mtu. Ikishuka zaidi, chini ya alama ya mwisho, anayeomba kumbukumbu hulazimika kuikusanya mwenyewe kabla ya kupewa, na hapo ndipo programu huganda. Katika hatua zote mbili kerneli hugonga mlango wa kila kache iliyojiandikisha na kuiomba ipungue. ARC imejiandikisha. Toleo la 2.1 la OpenZFS, ambalo ndilo la Debian 12, lina kikomo kinachoizuia isiachie zaidi ya takriban MB 160 kwa jaribio moja la kuomba kumbukumbu, ili mwombaji asisubiri mno. Kwa mahitaji yanayopanda polepole mpango huo unatosha kabisa, ndiyo maana mchana hakuna aliyewahi kulalamika.

Tatizo linakuja mahitaji yakipanda ghafla. Kerneli, kabla ya kukata tamaa na kuua, hujiuliza kama kurasa zinazoweza kurudishwa, zikijumlishwa na zilizo wazi, zingetosha kumpa mwombaji. Hesabu hiyo hutazama kurasa zilizo kwenye orodha za kerneli yenyewe. Kurasa za ARC hazimo humo. Kwa hiyo seva inaweza kuwa na GB 15 za kache zinazoweza kuachiwa, na bado kerneli ikaona hazina iko tupu na kuchukua panga. Mchuuzi wa Kariakoo aliyetandika nguo kwenye turubai hunyanyua pembe nne na kuondoka lori likipiga honi. Mwenye rafu hawezi, hata awe mtiifu kiasi gani. Kache ya kurasa ya Linux ni turubai. ARC ni rafu.

Tuliweka skripti ndogo ya kurekodi kila baada ya sekunde tano: ukubwa wa ARC, lengo lake (ukubwa inaotaka kuufikia), kumbukumbu inayopatikana, na faili la /proc/pressure/memory, kipimo cha msongo wa kumbukumbu. Hili la mwisho nalisisitizia kila ninapopata nafasi. Liliingia kwenye Linux toleo la 4.20 mwaka 2018, na badala ya kukuambia kumbukumbu imetumika kiasi gani, linakuambia michakato imepoteza asilimia ngapi ya muda wake ikisubiri kumbukumbu. Seva iliyojaa lakini haisubirishi mtu ni nzima. Seva yenye nafasi inayosubirisha watu ni mgonjwa.

Usiku wa ripoti ulipofika tena, tulipata tulichokuwa tunakitafuta. Kuanzia saa saba, rsync, programu ya bakapu, ilitembelea folda za picha za hati za mizigo, faili zaidi ya milioni mbili, ikilinganisha ukubwa na tarehe za kila moja. Haikusoma picha zenyewe isipokuwa zilizobadilika, hivyo diski zilionekana zimetulia. Ndani ya ARC, lakini, metadata (maelezo kuhusu faili, kama majina, ukubwa na tarehe) ilipanda ikapita GB 5, na sehemu yake nzuri haikuweza kuondolewa: kila faili lililotembelewa huacha rekodi kwenye kache ya majina ya Linux, na rekodi hiyo inakishikilia kipande cha ZFS kilicho chini yake. ARC inabidi kwanza iwaombe wenye majina waachie, kisha ndiyo iondoe. Na vitu hivyo ni vidogovidogo, vimepangwa wengi ndani ya ukurasa mmoja. Ukurasa haurudi kwa kerneli mpaka wa mwisho wao atoke.

Saa saba na nusu ripoti zikaanza. Katika PostgreSQL mipangilio ya work_mem ilikuwa MB 256. Wengi huisoma kama kikomo cha ripoti nzima, lakini ni kikomo cha kila hatua ya kupanga, na kwa hatua za hashi (majedwali ya muda ya kutafutia data haraka) toleo la 15 huruhusu mara mbili yake. Hoja moja, yaani ombi moja kwa kanzidata, yenye hashi nne, ikigawanywa kwa michakato mitatu sambamba, ina ruhusa ya kufika GB 6. Ripoti za mwisho wa mwezi zilikuwa zinaanza kadhaa kwa pamoja. Kwenye rekodi yetu mahitaji yalipanda kwa karibu GB 9 katika muda mfupi sana. Lengo la ARC liliporomoka mara moja, inavyotakiwa. Ukubwa wake halisi ukafuata kwa kuchechemea. Katika pengo kati ya mistari hiyo miwili, kipimo cha msongo kilichokuwa sifuri kikaruka hadi zaidi ya asilimia 60 ya muda wote, na kanzidata ikaanguka. Mahali pa kujihifadhi hapakuwepo: swapu, sehemu ya diski inayopokea kinachozidi RAM, ilikuwa imezimwa, na kwa sababu ya kueleweka, kwani ilikuwa imewekwa ndani ya ZFS yenyewe, na swapu ya namna hiyo huweza kuigandisha seva. Ili ZFS iandike inahitaji kumbukumbu, na inaandika kwa sababu kumbukumbu imeisha.

Dawa ilianza na hesabu, na hesabu ilifanywa kwa saa mbaya kuliko zote. Kanzidata GB 16 za pamoja na 10 za ripoti. Java 9. Windows 12. Kerneli na kache zake ndogo 4. Jumla 51 kati ya 62. Zinabaki 11, na kati ya hizo 3 tuliamua ziwe akiba isiyoguswa. ARC ikapewa 8:

options zfs zfs_arc_max=8589934592

Mstari huo unakaa kwenye faili la /etc/modprobe.d/zfs.conf, na kwa kuwa diski ya mfumo nayo ni ya ZFS, ni lazima kuendesha update-initramfs -u, la sivyo seva itawaka na mipangilio ya zamani na utadhani umeiweka.

Kikomo peke yake hakikutosha, kwa maoni yangu, kwa sababu kinabana kache bila kugusa wanaoisonga. Bakapu ya picha ilihamishwa kutoka rsync kwenda kwenye snapshoti (nakala za hali ya diski kwa wakati mmoja) zinazotumwa kwa zfs send hadi mashine ndogo iliyoko tawi la Mwenge. Njia hiyo haitembelei faili. Inasoma vipande vilivyobadilika tangu snapshoti iliyopita, basi. Zile milioni mbili hazina haja ya kuamshwa usiku. Kwenye kanzidata, work_mem ilishushwa hadi MB 32 kwa wote na kubaki MB 128 kwa akaunti ya ripoti tu, na ripoti zikapangwa zifuatane. Swapu ya GB 8 ikarudishwa kwenye kizigeu cha kawaida cha SSD, nje ya ZFS, ili mshtuko mfupi upate pa kupumulia.

Tulikataa mambo kadhaa. Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi: weka kazi ya kila saa inayomwaga kache zote kupitia drop_caches. Naupinga kwa nguvu. Unatupa kilichofaa pamoja na kisichofaa, mchana wateja wakiwa kaunta, na usiku mahitaji yakipanda katikati ya saa haukusaidii kitu. Tulikataa pia kuizuia ZFS isihifadhi data ya kanzidata kwa primarycache=metadata, ingawa inavutia kwa kuwa PostgreSQL ina kache yake. Faili za kanzidata hiyo ziliandikwa kwa rekodi za KB 128, na PostgreSQL husoma KB 8 kwa mara moja. Bila kache, kila usomaji mdogo ungelipa bei ya KB 128 na kuzitupa. Kubadili ukubwa wa rekodi hakugusi faili zilizokwisha andikwa. Na kuhusu vm.overcommit_memory=2, inayoizuia kerneli isiahidi programu kumbukumbu kupita kikomo, na ambayo inafaa kwenye seva ya kanzidata peke yake, hapa kwa chaguo-msingi lake ingeruhusu ahadi za kama GB 39 tu, swapu ikiwa imehesabiwa. Java na Windows zingekataliwa kumbukumbu ambayo ipo.

Na ile RAM mpya? Ingetuliza. ARC ingejipa nusu ya GB 128, programu zingebaki na 64, na ripoti zingepita kwa sasa. Lakini ile metadata iliyoshikiliwa ingekua pamoja na kache, na mwombaji wa ghafla angekutana na rafu ileile, ndefu zaidi. Mkurugenzi alirudisha maombi kwenye faili na fedha zikabaki kwa kazi nyingine.

Jaribio lilifanywa Jumapili, maduka mengi yamefungwa. Tuliendesha bakapu na ripoti zote kwa pamoja kwa makusudi, kinyume na ratiba mpya. ARC ilisimama kwenye GB 8. Kumbukumbu inayopatikana haikushuka chini ya GB 3. Msongo ulibaki chini ya asilimia 1. Gharama ipo na nilimwambia mkurugenzi kabla: usomaji wa picha za zamani umekuwa mzito kidogo, kwa sababu sasa zinatoka diski mara nyingi zaidi. Kaunta haijausikia, kwa kuwa ankara zinahudumiwa na kache ya kanzidata. Mwisho wa mwezi uliofuata mhasibu alizikuta ripoti zake, na simu aliyonipigia ilihusu printa.

Limebaki jambo moja ambalo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari la seva. OpenZFS 2.3, iliyotoka Januari 2025, imeondoa kile kikomo cha MB 160 katika chaguo-msingi lake, na hilo ni jema. Toleo hilohilo limebadili ukomo wa ARC kwenye Linux: kwa seva kama hii, usipoipangia, inaweza kufika RAM yote kasoro GB 1. Siku Debian ya seva hii itakapopandishwa toleo, faili la zfs.conf likaguliwe kabla ya kuwasha upya, na c_max, yaani ukomo wa ARC, isomwe kwenye arcstats kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani.